Ule mstari wa #! usikuzingue: jinsi ya kuuandika ukapiga kazi Linux, Mac na kwingine

Kuna dogo napiga naye kazi hapa Sinza, kichwa kweli, kodi anaandika safi kuliko mimi, ila yeye anatumia Mac na seva yetu ni Linux. Tuna mteja ana duka la spea Kariakoo, akawa analalamika risiti zinatoka na saa za ajabu, mtu kanunua saa nne asubuhi risiti inaonyesha saa moja. Hapo hamna mchawi, seva iko kwenye UTC na sisi tuko masaa matatu mbele. Dogo akaona isiwe tabu, akaiweka saa ya Dar palepale kwenye mstari wa kwanza wa skripti:

    #!/usr/bin/env TZ=Africa/Dar_es_Salaam python3

Kwake ikapiga kazi freshi. Tukaipeleka kwenye seva, kimya. Hamna kosa lolote, hamna risiti, na ukiangalia top unakuta prosesa moja iko asilimia mia na haishuki. Mteja anapiga simu, dogo anasema "kaka kwangu inafanya kazi", na cha ajabu alikuwa anasema kweli. Sababu nitaisema huko mbele, maana huwezi kuielewa mpaka ujue ule mstari unasomwa na nani.

Unasomwa na keneli, yani kiini cha mfumo endeshi chenyewe. Sio bash, sio Python. Ukiandika ./risiti.py ukabonyeza enter, sheli yako (ya kompyuta, sio ya mafuta) inamwambia keneli "niendeshee hili faili" kupitia kitu kinaitwa execve. Keneli anafungua faili anatazama baiti mbili za mwanzo. Akikuta # na !, yani 0x23 na 0x21, anajua hii sio programu ya mashine, ni skripti, basi anasoma kilichobaki kwenye mstari huo, anachukua njia ya interpreta (programu inayoendesha skripti, kama Python au bash), anaanzisha hiyo interpreta na kuikabidhi jina la faili lako. Huu mchongo aliuleta Dennis Ritchie kule Bell Labs mwezi wa kwanza 1980, kabla ya hapo keneli ilikuwa haijui skripti ni nini, kila kitu kilikuwa kinaangukia kwa sheli ihangaike nacho yenyewe.

Sasa kwa vile ni keneli na sio sheli, ujanja wote uliouzoea kwenye terminali humo haupo. Alama za kunukuu hazijui, $HOME haijui, ile ~ haijui, na wala haitafuti kitu kwenye PATH (ile orodha ya folda ambamo sheli hutafuta programu). Ukiandika #!~/bin/python3 itatafuta folda inayoitwa ~ kweli kweli. Ukiandika #!python3 tupu itatafuta faili linaloitwa python3 kwenye folda uliyosimama muda huo. Yote ni ule utaratibu tu, njia kamili halafu labda na agumenti (maneno ya ziada ambayo programu inapewa).

Na hapo kwenye "labda na agumenti" ndo kila mfumo una kichwa chake. Ukienda kwa POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya ukoo wa Unix) wakuamulie, wenyewe wameandika kwamba faili la sheli likianza na #! matokeo hayajaainishwa, yani wamenawa mikono.

Jaribu mwenyewe, usiniamini mimi

Njia nzuri ya kuelewa ni kutengeneza interpreta ya uongo ambayo kazi yake ni moja tu, kuonyesha imepewa nini. Andika hii, iite onesha.c:

    #include <stdio.h>
    int main(int argc, char *argv[]) {
        for (int i = 0; i < argc; i++)
            printf("%d: [%s]\n", i, argv[i]);
        return 0;
    }

Ijenge kwa cc -o /tmp/onesha onesha.c. Kwa nini C na sio skripti ya bash mistari miwili? Kwa sababu Mac haikubali interpreta ambayo nayo ni skripti, Linux ndo inakubali tangu toleo 2.6.28 la mwaka 2008, so tukitumia bash jaribio litaharibika kabla halijaanza. Halafu tengeneza faili linaitwa jaribu lenye mstari mmoja tu:

    #!/tmp/onesha -a -b kuku wali

Lipe chmod +x, kisha endesha ./jaribu chai. Kwenye Linux utapata hivi:

    0: [/tmp/onesha]
    1: [-a -b kuku wali]
    2: [./jaribu]
    3: [chai]

Angalia namba moja. Vitu vinne nilivyoandika vimefungwa kwenye fuko moja, nafasi zikiwemo humohumo. Linux inachukua njia ya interpreta mpaka nafasi ya kwanza, halafu vyote vinavyofuata mpaka mwisho wa mstari ni agumenti MOJA. Sasa faili lilelile lipeleke kwenye Mac:

    0: [/tmp/onesha]
    1: [-a]
    2: [-b]
    3: [kuku]
    4: [wali]
    5: [./jaribu]
    6: [chai]

Mac inakata kila penye nafasi kama vile ungeandika kwenye terminali. FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, zamani nayo ilikuwa inakata hivihivi, kuanzia toleo la 6.0 la 2005 wakahamia kwenye staili ya fuko moja kama Linux. Na iko mifumo mingine inachukua neno la kwanza tu baada ya interpreta na mengine inayatupa bila hata kukwambia. Familia tatu hizo, na skripti yako haijui itaangukia kwa nani.

Haya turudi kwa dogo. Ile env ni programu ndogo ya kuweka thamani halafu kuita programu nyingine. Kwenye Mac, env ilipewa TZ=Africa/Dar_es_Salaam peke yake, halafu python3, halafu faili. Safi, ikaweka saa ikaita python3. Kwenye Linux env ikapewa fuko moja lenye "TZ=Africa/Dar_es_Salaam python3", na env ikiona alama ya = inajua ni kuweka thamani, kwa hiyo TZ ikawa na thamani "Africa/Dar_es_Salaam python3" yote kwa pamoja, halafu ikaangalia kinachofuata ni komandi gani, ikakuta ./risiti.py, ikaiendesha. Keneli anafungua risiti.py anakuta #!, anaita env, env inaita risiti.py, keneli anafungua tena... mpaka kesho. Haitoi kosa kwa sababu kila hatua peke yake iko sahihi, na haijazi memori kwa sababu ni mchakato uleule unajibadilisha tu, ndo maana tulikaa masaa mawili tunaitazama kama mafala. Kilichotutoa ni strace, inayoonyesha kila ombi programu inalopeleka kwa keneli:

    strace -e trace=execve ./risiti.py

Ikaanza kumwaga execve, execve, execve kama daladala za Mwenge asubuhi, nikajua tumeumia.

Kosa la kawaida zaidi kuliko hilo ni la mtu kuandika #!/usr/bin/env python3 -u. Hilo angalau linapiga kelele:

    /usr/bin/env: ‘python3 -u’: No such file or directory

Watu wengi wakiona hivyo wanaenda kusakinisha Python upya. Usifanye hivyo! Soma kilicho ndani ya alama za kunukuu, inatafuta programu ambayo jina lake zima ni "python3 -u", nafasi ikiwa sehemu ya jina. Bash nayo vilevile, #!/bin/bash -euo pipefail inapita Mac na inagoma Linux.

Dawa

Ya kwanza na ndo ninayoipenda, usiweke zaidi ya agumenti moja, basi. Agumenti moja isiyo na nafasi mifumo yote inaelewana. #!/bin/sh -eu haina shida popote, #!/usr/bin/awk -f haina shida palipo na awk hapo. Kinachozidi kipeleke ndani ya skripti. Badala ya -euo pipefail juu, mstari wa pili weka

    set -euo pipefail

na hapa unapata na nyongeza, maana kuna watu wanaendesha kwa bash skripti.sh na hapo ule mstari wa juu unageuka komenti tu, hakuna anayeusoma, so ulichokiweka pale kinapotea. Ila set inabaki.

Ya pili ni env -S. Hii inaiambia env ichukue lile fuko ilifungue yenyewe:

    #!/usr/bin/env -S python3 -u

FreeBSD wanayo tangu walipobadilisha mwaka 2005, na Mac ipo pia. Linux ilichelewa, iliingia kwenye GNU coreutils 8.30 ya mwaka 2018, yani Ubuntu 20.04 unayo, 18.04 huna. CentOS 7 huna. Ukijua seva za mteja wako ni za zamani (na za kwetu hapa mjini nyingi ni za zamani, mtu kanunua mashine 2017 kaifungia stoo haijaguswa) basi rudi kwenye dawa ya kwanza.

Kuhusu env yenyewe, faida yake ni kwamba inatafuta kwenye PATH, na hilo ni muhimu kwa bash kuliko watu wanavyodhani. Linux nyingi bash iko /bin/bash, FreeBSD iko /usr/local/bin/bash, NetBSD /usr/pkg/bin/bash, Alpine haipo kabisa mpaka uiweke, NixOS kwenye /bin utakuta sh tu. Mac wanayo /bin/bash ila ni 3.2 ya enzi za 2007, ukitumia declare -A inakukataa, na ile mpya ya Homebrew kwenye Mac za M1 na kuendelea iko /opt/homebrew/bin. Kwa hiyo #!/usr/bin/env bash inakupata kote huko mradi iwepo kwenye PATH. Hasara yake ni ileile, PATH. Cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) ya Debian na Ubuntu inaanza na /usr/bin na /bin tu, so python yako ya venv (folda ya Python ya mradi mmoja) au node uliyoiweka kwa nvm cron haiioni, inachukua ya mfumo au inakosa kabisa. Kwa kazi za cron mimi naandika njia kamili kwenye crontab na simtegemei mtu.

Na tafadhali usiandike #!/bin/sh halafu ndani ukatumia [[ ]] na arei. Kwenye Ubuntu sh ni dash, sheli nyepesi isiyojua hivyo vitu, tangu toleo 6.10 la mwaka 2006, sio bash.

Yule mdudu asiyeonekana

Hii ndo imenilaza njaa mara nyingi kuliko zote. Mtu kaandika skripti kwenye Windows, kakutumia WhatsApp, unaiweka kwenye seva:

    bash: ./tuma.sh: /bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory

Bash mpya zinaweza kukwambia "cannot execute: required file not found" ambayo ndo haisaidii kabisa, maana faili unaliona hilo hapo na /bin/bash unaiona. Shida ni kwamba Windows inamaliza mstari kwa herufi mbili, \r\n, sisi huku tunamaliza kwa \n peke yake. Keneli anakata kwenye \n tu, kwa hiyo ile \r inabaki imeng'ang'ania kwenye jina la interpreta na anatafuta faili linaloitwa "bash\r". Halipo, na halijawahi kuwepo.

Usitumie cat kuangalia, haitakuonyesha. Tumia hii, na kama kuna kitu kimoja cha kuchukua hapa basi chukua hii komandi:

    head -n 1 tuma.sh | od -c

Itakupa herufi moja moja. Ukiona \r kabla ya \n, umemkamata. Muondoe hivi, inafanya kazi Linux na Mac sawa:

    tr -d '\r' < tuma.sh > safi.sh

(sed -i wengi wanaipenda ila ya Mac na ya Linux haziandikwi sawa, nimeshachoka kuelezea.) Ili isirudi tena weka kwenye .gitattributes mstari *.sh text eol=lf, na kingine kama hicho kwa *.py.

Komandi hiyohiyo ya od itakuonyesha ndugu yake, BOM. Edita fulani za Windows zinabandika baiti tatu mwanzoni kabisa mwa faili, kwenye od -c zinaonekana 357 273 277. Keneli anaangalia baiti mbili za mwanzo, anakuta hizo badala ya #!, anasema hii sio skripti. Cha kuchanganya ni kwamba ukiwa kwenye terminali inaweza ikaendelea, kwa sababu bash ikiambiwa na keneli "sijui hiki ni nini" inaamua kuliendesha faili yenyewe kama skripti ya sheli. Python yako inasomwa na bash, unapata makosa ya ajabu ya import. Lakini ukiita faili lilelile kutoka subprocess ya Python hamna wa kukuokoa, unapata OSError: [Errno 8] Exec format error, na systemd (inayoanzisha huduma za Linux) itakuandikia 203/EXEC. Ukiona hayo mawili, nenda moja kwa moja kwenye baiti za mwanzo, au umesahau tu kuweka #!. Tena iwe baiti ya kwanza kabisa ya faili, sio baada ya mstari mtupu.

Nafasi baada ya #! haina tatizo, #! /bin/sh na #!/bin/sh ni kitu kimoja. Kuna stori ya zamani kwamba BSD fulani ilikuwa lazima uweke nafasi, hiyo ni stori tu ya vijiweni.

Urefu, na venv za kuhamishwa hamishwa

Linux ilikuwa inasoma herufi 127 tu za mstari huo, #! yenyewe ikiwemo, kuanzia 5.1 ya mwaka 2019 ikawa 255. Mac inafika 512. Unaweza ukasema nani ataandika njia ndefu hivyo, ila huandiki wewe, inaandika pip, ile ya kusakinisha vifurushi vya Python. Fungua bin/pip ndani ya venv yoyote uone mstari wa kwanza, ni njia kamili mpaka kwenye python ya hiyo venv. Ukiwa na folda ndani ya folda ndani ya folda kwenye mashine ya majaribio unafika 127 kirahisi, na ndo maana pip ikiona njia ndefu au ina nafasi inabadilisha gia, inaandika #!/bin/sh halafu mstari wa pili una maneno ya exec yanayotisha kidogo. Sio virusi, mwenzangu mmoja aliwahi kufuta.

Ndo hapo pia unaelewa kwa nini venv haihamishwi. Umeizip kwenye laptopu, umeifungua kwenye seva, pip inakwambia bad interpreter, kwa sababu mstari bado unaelekeza kwenye folda ya laptopu yako. Tengeneza upya tu, dakika mbili.

Windows na simu

Windows keneli yake haijui #! kabisa, inaangalia mwisho wa jina la faili. Ila ukisakinisha Python kutoka python.org kunakuja na kitu kinaitwa py, hicho kinasoma mstari na kuelewa #!/usr/bin/env python3 ingawa njia hiyo haipo kwenye Windows, so usiuondoe. WSL 2, ile Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, ni Linux kamili, sheria ni zile za fuko moja.

Kwa wanaojifunzia kwenye simu, na mko wengi, Termux (app ya terminali ya Android) haina /bin/bash wala /usr/bin/env mahali pake pa kawaida, vyote viko chini ya /data/data/com.termux/files/usr. Termux inajitahidi kukutafsiria kimyakimya, ikishindwa kuna komandi yao termux-fix-shebang jina-la-faili, inarekebisha mstari. Na skripti ukiiweka /sdcard ukapata Permission denied hata baada ya chmod, sio mstari wako una kosa, sehemu hiyo hairuhusu kuendesha kitu, ihamishie nyumbani kwa Termux.

Ya dogo tuliimaliza hivi: juu pakabaki #!/usr/bin/env python3 tupu, saa ikaingia ndani ya kodi kwa ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam") ambayo ipo tangu Python 3.9. Risiti ya saa nne sasa inatoka saa nne. Halafu nikapitisha hii kwenye folda lote la kazi, inatafuta mistari ya kwanza yenye agumenti zaidi ya moja:

    grep -rnE '^#! ?[^ ]+ +[^ ]+ +[^ ]' . | grep ':1:'

Zikatoka tano. Moja ya dogo, nne zangu.